Idris Davies hakuwa mshairi wa maombolezo tu: vijembe vyake vya kisiasa vimeenda wapi?

Malenga wa Mbagala
Wakuu salaam. Nina hoja naiweka hapa tuijadili bila haraka. Kuna mshairi wa Wales anaitwa Idris Davies, kazaliwa mji wa Rhymney 6 Januari 1905, kaacha shule na miaka 14 akaingia mgodini kuchimba makaa ya mawe, baadaye akajisomesha mpaka akawa mwalimu, akafa 6 Aprili 1953 kwa saratani, miaka 48 tu. Dunia inamjua kwa kitu kimoja, tena wengi hawajui hata kama ni chake, ule wimbo wa kengele za Rhymney aliouimba Mmarekani Pete Seeger halafu bendi ya The Byrds wakaupiga 1965. Basi. Ukimtaja mahali popote unaambiwa aah yule wa huzuni za wachimba makaa.

Mimi nasema tumemsoma nusu. Huyu jamaa alikuwa mtu wa vijembe, na kwenye siasa ndiko alikokuwa mkali zaidi. Chukua kitabu chake cha The Angry Summer, kilitoka 1943, vipande 50 kuhusu mgomo wa wachimba makaa wa 1926. Humo ndani kuna Dan mwenye duka anamsema Bi Evans aliyekuja kuchukua siagi: unataka siagi tena, utalipaje sasa na mumeo yuko kwenye mgomo, kichwa kimejaa moto na porojo za ukomunisti, na mimi Dan hapa naishi kwa biashara ya mtu binafsi! Hapohapo anakatwa kauli, kumbe biashara yenyewe inategemea pesa za wachimbaji haohao, naye anaitikia kwa shida, ee ndio, kwa namna fulani. Kisha anamwambia njoo kesho nitakujibu, na umwambie mumeo mwekundu kwamba mwenye duka wako hana uwezo wa kugoma, siagi ya Carmarthen itaenda wapi?

Hakuna chozi hapo hata moja. Mtu anavuliwa nguo na maneno yake mwenyewe. Na hii imejaa kwenye vitabu vyake, lakini wanaomzungumzia wanaruka kwenda kwenye kengele. Kwa nini?

Kibuyu
Naweka kambi hapa, uzi wa kusoma na chai.

Nasra_Cardiff
Malenga asante kwa kumleta huyu. Mimi naishi Cardiff miaka mingi sasa, Rhymney ni mwendo wa treni moja tu kupanda bondeni. Kwanza wenyeji wanatamka kama Ramni, ukisikia waimbaji wa Marekani wanasema Rimni ujue wameisoma kwenye karatasi.

Na ndivyo ilivyokuwa. Seeger hakukutana na kitabu cha Idris, alikuta shairi limenukuliwa kwenye maandishi ya Dylan Thomas, mshairi mwingine wa Wales, akalitia muziki mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo kilichosafiri ni kipande kimoja, na Idris mwenyewe hakuwahi kuusikia wimbo kwa sababu alishakufa. Shairi lenyewe ni namba 15 ndani ya Gwalia Deserta, kitabu chake cha kwanza, 1938, chenye vipande 36. Toa namba 15 uiimbe peke yake na gita tamu, lazima ibaki huzuni. Majirani zake kitabuni wana hasira na kebehi lakini hawakupanda meli.

Jibu langu ndilo hilo, wimbo umemmeza mshairi.

Bwana Makaa
Wimbo huo naujua sana. Si ndio ule wa maafa ya Aberfan, kifusi cha mgodi kiliporomokea shule ya watoto? Hapo utaimbaje kijembe mkuu, lazima uwe wa msiba.

Mwl. Chuma
Bwana Makaa hapana. Aberfan ni 21 Oktoba 1966, walikufa watu 144, na 116 kati yao ni watoto. Shairi lilichapwa 1938 na The Byrds walishalirekodi mwaka mmoja kabla ya maafa. Watu wengi wanachanganya kwa sababu Aberfan iko jirani na Merthyr na Merthyr inatajwa kwenye wimbo. Hakuna ajali yoyote ndani ya shairi lile. Ni kengele za miji zinaulizana nani kamtengeneza mwenye mgodi na nani kamuibia mchimbaji.

Na mimi nakwenda mbali kuliko Malenga. Hata hilo la kengele ni kijembe. Limejengwa juu ya wimbo wa watoto wa London, Oranges and Lemons, ambao makanisa yanadaiana senti. Idris kachukua mchezo wa watoto wa mji mkuu akauweka kwenye mabonde yenye njaa. Halafu tazama nani anasema nini. Miji ya makaa inauliza maswali makali. Cardiff, mji uliotajirika kwa bandari na ofisi za makaa, inasema mambo yangekuwa mazuri kama, kama, kama, na haimalizi sentensi! Kengele za mto Wye, kule mpakani kwenye mashamba mazuri, zinaitwa za fedha na zinauliza mbona mna wasiwasi dada zangu? Swansea inasema hata Mungu hana raha. Kila mji unasema kutokana na shibe yake. Ukiuimba mfululizo kwa sauti moja tamu yote hayo yanalainika yanakuwa kitu kimoja.

Bwana Makaa
Shukrani mwalimu. Basi niulize, hizo hasira zilitokana na nini hasa, mgomo tu? Mimi baba yangu kafanya kazi mgodi wa makaa huku nyanda za juu kusini (jina naliacha), nilikua naona wazee wanakohoa, mishahara inachelewa, ila sijawahi kusikia mtu katunga kitu cha kumsuta bosi. Walikuwa wanaimba kwaya tu na kulalamika nyumbani.

Mwl. Chuma
Kwa kifupi. Machi 1926 tume ya serikali ilipendekeza mishahara ishuke, wenye migodi wakataka na saa ziongezwe. Kiongozi wa wachimbaji A. J. Cook akasimama na msimamo kwamba haipungui senti ya mshahara, haiongezeki dakika ya kazi. Wafanyakazi wa sekta nyingine wakagoma kuwaunga mkono kuanzia usiku wa 3 Mei, baada ya siku tisa TUC, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, ikasalimu amri, 12 Mei. Wachimbaji wakaachwa peke yao. Walikaa hivyo kiangazi kizima mpaka karibu mwisho wa mwaka wakala supu za jumuiya, wakarudi kwa mshahara mdogo na saa nyingi zaidi. Ndiyo sababu kitabu kinaitwa kiangazi cha hasira.

Nyuma yake kuna historia ndefu. Senghenydd, bonde la jirani, tarehe 14 Oktoba 1913 mlipuko uliua wachimbaji 439 pamoja na mwokoaji mmoja. Meneja alipigwa faini jumla pauni 24. Gawanya mwenyewe uone roho moja ilipata ngapi. Idris alikuwa na miaka 8.

Njeri_254
Wasee hii maneno ya wimbo kumeza mshairi sio complete. Wimbo umekuja baada ya kifo chake. Na kabla ya hapo je? Mbona hata wakati yuko hai hawakumwita mshairi wa kejeli?

Mi naona shida ni wahakiki. Miaka ile ukitaka kuheshimiwa kwa ushairi wa Kiingereza lazima uwe mgumu, uwe na tabaka saba. Idris anaandika beti fupi, vina vya kawaida, mtu wa mtaani anaelewa mara ya kwanza akisikia. Na angalia mhariri aliyempitisha pale kwa wachapishaji Faber, ni T. S. Eliot mwenyewe, yule mshairi mkubwa. Eliot alimsifu kweli, lakini alimsifu vipi? Alisema mashairi haya ndiyo hati bora ya kishairi anayoijua kuhusu zama fulani mahali fulani. HATI! Hiyo sifa imemfunga huyo mtu, amewekwa kwenye kabati ya historia. Mtu akishakuwa ushahidi hakuna anayeangalia tena ufundi wake.

Malenga wa Mbagala
Njeri umegonga penyewe. Ila Eliot angeweza kumkataa kabisa akampita. Vitabu viwili vya Idris vimetoka Faber akiwa hai, The Angry Summer na Tonypandy cha 1945, na mashairi teule yakatoka mwaka aliokufa.

Sokomoko
Mimi napinga mada nzima. Vimesahaulika kwa sababu sehemu kubwa ni vyepesi. Nimevisoma. Kuna vipande vizuri kumi hivi, kingine ni kaulimbiu za mkutano wa hadhara zimepangwa vina. Kejeli inataka umjue adui yako vizuri, yeye mabepari wake wote ni wanene wana sigara mdomoni, kama katuni za gazeti la chama. Dan mwenye duka kweli ni mtu, namkubali. Wengine ni vinyago.

Na msisahau mwenyewe alisema nini. Kwenye maandishi yake binafsi aliandika kwamba yeye ni msoshalisti na kwa sababu hiyohiyo anataka uzuri mwingi iwezekanavyo kwenye maisha ya kila siku, kwa hiyo ni adui wa mashairi ya uongo ya kila aina, na wale wanaojiita washairi wa mrengo wa kushoto wanahitaji kufundishwa tofauti ya ushairi na propaganda, wakamsome mshairi Blake kwanza. Sasa mnataka kumfufua kwa upande ambao yeye mwenyewe aliuonea shaka?

Mwl. Chuma
Sokomoko hayo maneno yapo, ila unayasoma kinyume. Hakusema siasa isiingie kwenye shairi. Alisema shairi la siasa lisiwe la uongo. Mtu aliyejifunza ushairi kwa sababu mchimbaji mwenzake alimpa habari za mshairi Shelley, huyo anajua vizuri kwamba hasira na uzuri vinakaa nyumba moja.

Mama Duka Tandika
Mmenisisimua na huyo Dan. Naomba nimtetee maana nyie wote mnamcheka. Mimi nimekaa dukani tangu niko binti, daftari la mikopo nalijua. Kiwanda kimoja mtaani kwetu kilisimamisha watu, wateja wangu wote wakawa wanakuja na "andika". Unaandika mpaka unaona kesho huna pesa ya kufuata mzigo. Ukimnyima mama mwenye mtoto unaonekana mchawi, ukimpa unafilisika. Dan anaposema njoo kesho nitakuambia nimeamua nini usiku, hayo ni maneno ya mtu ambaye hatalala. Kwa hiyo mimi sioni kama ni kejeli ya kumponda tu, mshairi kamuonea huruma pia.

Malenga wa Mbagala
Mama Duka umeona kitu ambacho wahakiki wengi wamekipita. Maduka ya mabonde yale mwaka ule yalibeba madeni ya familia nzima nzima na mengine hayakuinuka tena. Idris alikuwa mtoto wa hapohapo, aliwajua hao wauza duka kwa majina. Ndiyo maana kijembe chake kina joto. Na nikurudie Sokomoko, umesema adui zake ni vinyago, basi hebu soma kile kipande cha simu. Simu zinalia na usaliti uko hewani, yule laini, bingwa wa kuridhiana, anainama Whitehall, kwenye ofisi za serikali kule London. Mistari michache, hakuna tumbo wala sigara, na mshale unamlenga kiongozi wa wafanyakazi mwenyewe. Hiyo sio katuni ya gazeti la chama, gazeti la chama lisingeichapa.

Kijana wa Uyole
Huyo laini ni nani? Jina lake halitajwi?

Mwl. Chuma
Halitajwi. Wengi wanamuona J. H. Thomas, katibu mkuu wa chama cha wafanyakazi wa reli, aliyependa sana kuvaa suti na kula na wakubwa. Tena mzaliwa wa Newport, Wales palepale. Mwaka 1936 akalazimika kujiuzulu uwaziri kwa kuvujisha siri za bajeti.

Sokomoko
Wengi wanamuona, sio Idris kasema. Anaweza kuwa aina ya mtu badala ya mtu mmoja. Ukishamwekea jina unalipunguza shairi, likija kizazi kingine litakuwa limekufa na huyo Thomas wake.

Nasra_Cardiff
Hapo nakubaliana na Sokomoko kwa mara ya kwanza kwenye uzi huu 😂 Kila chama kina mtu wake laini.

Babu Kengele
Salaam wajukuu. Nimesoma kuanzia juu, mmesahau kanisa. Pale Wales mabonde yote yalikuwa na chapeli za Kiprotestanti, chapeli ndizo zilizofundisha watu kusoma, kuimba, na kusimama mbele ya watu. Sasa Idris katunga kitu kinaitwa Capel Calvin, wimbo mfupi kabisa wa watu watakatifu wa chapeli ndogo ambao hawapendi chochote. Hawapendi kwaya zilizovaa kanzu nyeupe, hawapendi tamasha la Jumapili, hawapendi wanawake wanaocheza mpira, hawapendi bia wala maaskofu, hawapendi madhehebu mengine yoyote. Na wakifika mbinguni hawatapapenda sana maana muziki wa huko utakuwa mtamu kuliko wa motoni.

Sasa niambieni nani angemweka huyo kwenye vitabu vya shule na wazee wa kanisa ndio wamekaa kwenye bodi? Wakachagua yale ya njaa na milima, yanafaa kusomwa siku ya mahafali. Kejeli ya tajiri unaweza kuisamehe. Kejeli ya mzee wa kanisa lako mwenyewe huisamehi.

Njeri_254
Shikamoo babu. Hiyo ni theory poa lakini ina tundu. Watu wa Wales wanaipenda sana Capel Calvin, ni kati ya zile zinazokumbukwa. Hata watu wa chapeli walijicheka.

Babu Kengele
Marahaba. Kucheka sebuleni sio kuifundisha darasani mjukuu wangu.

Kijana wa Uyole
Mimi nina swali la mgeni. Si Wales wana lugha yao? Mbona huyu kaandika Kiingereza? Labda wenyewe hawakumtaka kwa sababu hiyo.

Nasra_Cardiff
Hilo ndilo la maana kuliko yote hapo juu. Kwao walizungumza Kiwelisi, ndiyo lugha yake ya kwanza, na ana mashairi kidogo kwa Kiwelisi pia. Ana shairi jingine la kujieleza ambalo anasema alipoteza lugha ya kwao kwa ile ya Msaksoni (yaani Mwingereza) kwa kwenda shule kwa amri, eti kwa ajili ya elimu. Anavyolisema! Kwa vina vya kuchekesha, kama mtu anasimulia alivyoibiwa na aliyemwibia yuko mbele yake anakunywa chai.

Matokeo yake akaangukia katikati. Wale wanaotetea Kiwelisi walikuwa na washairi wao, mfano Gwenallt, ambaye naye alitoka kwenye viwanda, baba yake alikufa 1927 kwa chuma kilichoyeyushwa, mwenyewe alifungwa vita ya kwanza kwa kukataa kupigana. Huyo anaandika kwa Kiwelisi, anafundishwa kwa heshima zote. Wale wa Kiingereza nao London walikuwa na Dylan Thomas wao, sauti ya radi, redio, maisha ya vurugu. Idris ana miwani, mwalimu wa shule za msingi, anahamahama na wanafunzi wakati wa vita, anarudi kufundisha bondeni kwao 1947. Nani atamwandikia filamu.

Sokomoko
Hoja ya lugha haitoshi. Harri Webb, mshairi mwingine wa Wales, naye aliandika Kiingereza, na kejeli zake watu wanazijua mpaka leo. Kale kabeti kake ka mistari minne kuhusu daraja la Severn lililofunguliwa 1966, kwamba nchi mbili sasa zimeunganishwa na ushuru wote unakusanywa upande wa Uingereza, kila dereva wa Wales alikuwa anakijua. Kwa hiyo ukiandika kijembe kizuri kinaishi hata kwa Kiingereza.

Mwl. Chuma
Kiliishi kwa sababu ushuru uliishi mkuu! Daraja lile limetoza watu mpaka Desemba 2018. Kila ukilipa unakumbuka shairi. Hapo ndipo na mimi niweke sababu yangu ambayo hakuna aliyeigusa. Tarehe 1 Januari 1947 migodi yote ilitaifishwa, ikawa chini ya bodi ya serikali. Wale wenye migodi ambao Idris aliwasuta walilipwa fidia wakaondoka. Miaka miwili baada ya kitabu chake Tonypandy, adui wake kwenye kitabu hakuwepo tena mlangoni. Msomaji wa 1950 anaona kejeli za wenye migodi ni habari za babu, kilichobaki na uhai ni huzuni, maana waliokufa hawarudi. Kijembe kinakufa na mlengwa, kilio kinabaki.

Malenga wa Mbagala
Mwalimu hii nimeipenda lakini naipinga kidogo. Kama ni hivyo kwa nini 1984 mgomo mkubwa uliporudi, mabonde yaleyale, jikoni za supu zilezile, wanawake wanakusanya chakula, hawakumrudia kwa wingi? Mlengwa alirudi kabisa. Na toleo jipya la The Angry Summer lenye maelezo ya Tony Conran limekuja 1993, Dafydd Johnston akaleta mashairi kamili 1994. Yaani vitabu vimefika baada ya migodi mingi kufungwa.

Mwl. Chuma
Hilo la 1984 ni swali zuri, linaniumiza kichwa. Labda wakati ule watu walikuwa wanatunga vyao.

Pwani Huru
Mnanikumbusha Muyaka bin Haji wa Mombasa. Naye watu wanamjua kwa mapenzi na mafumbo, kumbe tungo zake za siasa wakati wa Mazrui na Sayyid Said ndizo zilizokuwa zinawasha moto mjini. Alikusanywa na Hichens ndio maana hazikupotea.

Mwl. Chuma
Hichens alichapa tu, 1940. Aliyezikusanya na kuziandika ni Mwalimu Sikujua wa Mombasa akishirikiana na Taylor yule mmishionari. Tumpe mwenyeji haki yake.

Pwani Huru
Sawa, na Mohamed Abdulaziz akaja na utafiti wake 1979. Hoja yangu inabaki, mshairi wa majibizano akitolewa kwenye majibizano yake anageuka mtu wa hekima za ukutani. Muyaka alikuwa anajibu watu. Idris naye anajibu watu, kuna kipande anamuuliza Dai, sasa umegoma, hilo koleo utafanyia nini, hayo mapumziko utayatumiaje? Hiyo ni sauti ya mtaa.

Kibuyu
Nimerudi na chai ya pili. Huo wimbo wa The Byrds nimeusikiliza sasa hivi, mbona gita linafanana na la Beatles?

Nasra_Cardiff
Umesikia vizuri. George Harrison alilichukua wazo la gita hilo akatengenezea If I Needed Someone, mwaka huohuo 1965, na hakuficha.

Kijana wa Uyole
Yaani mchimba makaa wa Rhymney kafika mpaka kwa Beatles. Aisee.

Sokomoko
Gita ndilo limefika. Shairi limebaki stesheni.

Bwana Makaa
Tusitoke nje ya mada wakuu. Mimi nimebaki na kitu kimoja, kuna mahali nimesoma huyu Idris ndiye aliyeongoza mgomo pale kwao.

Mwl. Chuma
Hapana. Alikuwa kijana wa miaka 21, mchimbaji wa kawaida, alishapoteza kidole kwenye ajali mgodini. Baada ya mgomo mgodi wake ukafungwa, akakosa kazi, ndipo akaanza kujisomesha, akaenda chuo Loughborough kisha Nottingham. The Angry Summer kaiandika zaidi ya miaka 15 baadaye, wakati wa vita nyingine, mbali na nyumbani. Kwa hiyo vicheko vilivyomo ni vya kumbukumbu. Jumapili za kwenda Barry Island na Maggie, njiwa wa Dai wanaorushwa, na kati yake lile swali kwamba mtu ni nini hata makaa yasimjali hivyo, na makaa ni nini hata yawe na damu nyingi namna hiyo.

Mama Duka Tandika
Hilo swali la mwisho sio kejeli lakini. Hilo ni sala.

Malenga wa Mbagala
Ni sala, na limekaa kitabu kimoja na Dan mwenye duka. Ninachodai ndicho hicho, visomwe pamoja.

Njeri_254
Kuna mtu ametafsiri yoyote kwa Kiswahili? Hii ya chapeli ingeenda vizuri sana.

Babu Kengele
Nimejaribu mwisho wake, mizani nane nane, sikufuata neno kwa neno:

Hawapendi pombe hawa,
Wala maaskofu wale,
Hata mbingu wakipewa
Hawatatulia kule.

Muziki wa mbingu huwa
Mtamu kupita ule
Wa motoni, watajuwa,
Na watanuna milele.

Kibuyu
👏👏👏 babu!

Pwani Huru
Babu ni tamu sana, ila mstari wa pili umezidi. Maaskofu ni ma-a-s-ko-fu, mizani tano, ukijumlisha na wala na wale unapata tisa.

Babu Kengele
Ile "s" mimi nimeisoma imeungana na "ko", kama inavyotamkwa kanisani kwetu. Hesabu yangu ni nane.

Pwani Huru
Kwenye utenzi "s" inasimama peke yake babu. Waulize malenga wowote.

Njeri_254
Weka "Wala viongozi wale" mambo yaishe, wa-la vi-o-ngo-zi wa-le, nane kamili.

Sokomoko
Ukiweka viongozi umeua kijembe. Chapeli zile zilikuwa na viongozi wao, walichokataa ni maaskofu. Bora mizani tisa.

Mama Duka Tandika
Naungana na Sokomoko, waacheni maaskofu wakae. Na nani atafanya kile cha Dan? Nakitaka nikibandike dukani.

Malenga wa Mbagala
Cha Dan nakianza leo usiku, ila mwenyewe hakukitungia vina, ni mazungumzo matupu. Pwani Huru unasemaje, nikiache huru au nikiweke kwenye majibizano ya beti, Dan ubeti mmoja na Bi Evans ubeti mmoja?

Pwani Huru
Bi Evans haongei kwenye shairi mkuu, au anaongea?

Mwl. Chuma
Haongei kwa jina lake. Maneno yake tunayasikia mdomoni mwa Dan anapoyarudia, pale pa pesa za wachimbaji. Ukimpa ubeti wake umebadilisha shairi.

Mama Duka Tandika
Mpe ubeti. Kanyamaza tangu 1943.

Sokomoko
Usimpe. Kunyamaza kwake ndiko kunakomfanya Dan ajikaange.